Rumba ya Baba Divine

Baraka

Baba Divine,

Tuko wazima huku Baraka. Mvua iko mingi, samaki ndagala ziko chache mu ziwa.

Ulipoenda Misisi kuchimba dhahabu, ulisema mutoto atapenda rumba, iko mu damu yako. Kila siku nilimupigia zile za ku carte mémoire ya simu uliniachia. Sasa Divine iko na miaka sita. Juzi aliziba masikio: "Mama, zima!" Yeye anaimbaka nyimbo za Kirundi, hata akiosha sahani.

Mi naona mutoto anapenda muziki anasikia wakati anakula. Zénon, ule fundi wa nguo mukimbizi wa Burundi, anaimbaka akikula. Tangu Pasaka anakula kwetu, na mashini yake ya kushona iko mu nyumba yetu.

Carte yako iko mu bahasha hii.

Émilienne