Mkono wa Kulia wa Zablon Oketch

Baba yetu Zablon, leo, Juni 14, 1992, mwaka umetimia tangu tulipokurudisha nyumbani Asembo Bay kukuzika, ukiwa na mkono mmoja.

Miaka mingi ulifanya kazi katika chumba cha eksrei mjini Kisumu. Watoto waliovunjika mifupa waliziogopa glavu nzito za madini ya risasi, za kukinga miale, nawe ulizivua, ukawashika kwa mikono mitupu huku mashine ikiwaka na daktari akinyoosha mfupa. "Nyamaza, mzee," ulimwambia hata wa miaka miwili, "picha haiumi." Kweli, wao haikuwaumiza.

Wewe ilikuchoma polepole. Ngozi ya mkono wa kulia ilikauka, ikapasuka, ikawa kidonda kisichopona. Daktari alichukua ngozi ya paja akaibandika. Ikaoza, kwa sababu nyama ya chini ilikuwa imekufa kwa miale. Ndipo akakata yote iliyokufa, akaushona mkono wako tumboni, upate damu ya tumbo mpaka ngozi mpya ishike. Alikuonya usiuvute hata kidogo. Hiyo ikishindikana, alisema, mkono utakatwa. Tukafunga na kuomba.

Ngozi ilikuwa imeanza kushika wakati Mama Aoko, mama mkwe wako, alipokuja kukuona. Kwa heshima ya ukwe katika mila zetu, miaka yote ya ndoa yako hamkuwahi hata kushikana mikono. Ulipomwona mlangoni, nawe umelala tumbo wazi, uliinuka ghafla ujifunike. Mshono ukachanika.

"Lala, mwanangu!" alilia. "Leo mimi si mkwe!"

"Mama," ulisema, damu ikienea kwenye shuka, "tumbo umeshaliona. Sasa utanirudishia ng'ombe wangu wa mahari?"

Muuguzi alicheka huku akikimbia kumwita daktari.

Ngozi ile ilikufa. Mkono ukakatwa, na kumbe kidonda kilikuwa kimeshageuka saratani, nayo imefika kwapani. Hukumlaumu mtu. Kila jioni uliwaombea watoto uliowashika, ukiinua mkono uliobaki.

Siku ya mwisho Mama Aoko aliingia bila kubisha, akaketi kitandani pako, akakushika mkono wa kushoto. Hukuuondoa. Tulipomaliza sala na kusema Amina, alikuwa bado ameushika, na wewe ulikuwa umekwenda.

Bwana akuinue ukiwa mzima siku ya ufufuo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Dorca, wanao pacha Apiyo na Odongo, dada yako Milka, na Mama Aoko, ambaye hadi leo hujiita mama yako, bila neno mkwe. Maadamu tunapumua, hatutakusahau.