Bibi Asiningoje

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza maneno na wewe bila shikamoo na leo sitaanza. Nakuandikia nikiwa kibandani kwako hapa Gungu. Nimekalia kiti chako kile kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, cherehani yako iko mbele yangu, na mlango nimeuegesha ili wateja wadhani sipo. Sare za shule zimejaa mpaka chini ya meza. Ungekuwepo ungesema, "Asha, nguo haijishoni." Basi leo ngoja ikae, Baba. Niache kidogo.

Mama ametoka eda Ijumaa. Nguo zake za eda nilizishona mimi, kwenye cherehani hii hii, siku ya pili baada ya kukuzika. Uzi ulikatika mara nyingi mno. Sikuwa naona tundu la sindano kwa machozi, nikamwita mwanangu Zawadi anitungie, na yule mjukuu wako akaniuliza mbona babu asitunge. Mpaka leo ikipita bodaboda nje anainuka kuchungulia kama ni wewe umerudi.

Lakini sikukaa hapa nikulilie tu. Jumanne boti ya mama Furaha inavuka kwenda Baraka, na kesho anataka jibu langu kama nakwenda naye au siendi. Ndiyo, Baba, umesikia sawasawa. Baraka, Kongo. Huko huko ulikotukataza. Sina wa kumwuliza zaidi yako, kwa sababu jambo lenyewe ni la kwako na umeniachia bila kunieleza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupeleka Ujiji kula migebuka ya kuchoma, mimi na kaka Idi? Sisi tunagombania kiti cha kutazama ziwa, wewe unachagua kile cha kulipa mgongo. Kila mara. Siku ambazo mvua imesafisha hewa na milima ya ng'ambo inaonekana mpaka mikunjo yake, ulikuwa hugeuki hata tukikuvuta shati. "Kule hakuna chetu," unasema. "Msikanyage." Tulijua ulitoka huko wakati wa vita, ukiwa mtu mzima tayari, lakini kulisema hilo nje ya nyumba ilikuwa marufuku. Kwa watu ulikuwa fundi Hamisi wa Ujiji, basi. Na Kiswahili chako ulikisafisha kama unavyopiga pasi kola. Ikikutoka "mutoto" unarudia haraka "mtoto", halafu unatutazama kama tumesikia. Tulikuwa tunasikia, Baba. Tulikuwa tunacheka chumbani.

Sasa nikurudishe hospitali. Ile siku ya mwisho, hujazungumza tangu asubuhi, mimi nimekushika mkono na Mama amekaa upande wa miguu. Ukafumbua macho ukasema, wazi kabisa, "Mumuambie bibi asiningoje tena." Mimi nikakuitikia, "Sawa, Baba, nitamwambia." Hukusema lingine.

Unajua nilielewa nini? Nilielewa bibi yako. Yule aliyekulea, aliyekuwa akikuchemshia mihogo, ambaye alikufa hata hujabalehe. Nikasema Baba anaona wazee wake, wamekuja kumpokea. Nikawaeleza watu msibani na kila mtu akatikisa kichwa, wengine wakalia upya kwa uzuri wa neno hilo. Kwenye hitima kaka Idi akaomba bibi yako naye asomewe dua, akasomewa. Tukala wali tumeridhika.

Mama alikuwa kimya. Nikadhani ni uchungu.

Halafu akaja mama Furaha. Unamjua, mteja wako wa miaka mingi, yule anayevuka na vitenge na mawese. Alikuwa kwao ulipofariki, akaja kutoa pole amechelewa, nami nikamsimulia maneno yako ya mwisho kama nilivyokwisha kuwasimulia wote. Nikangoja alie. Hakulia. Aliweka kikombe cha chai chini akaniuliza, "Kumbe mzee alikuwa mutu wa kwetu?" Akasema, "Binti yangu, kwetu kule bibi ni mke."

Nimeshona tangu nina miaka kumi na miwili, Baba, na nimekata vitambaa vya watu vibaya, lakini sijawahi kukosea kitu kama nilivyokosea neno hilo. Maisha yako yote hapa uliongea kama sisi. Siku moja tu ukaongea kama ulivyozaliwa, na mwanao akakosa kukuelewa.

Mama Furaha aliendelea. Akasema Baraka kuna mama anaitwa Zaina, anauza chumvi na sabuni karibu na pale boti zinapofikia. Kila boti ikitoka Kigoma huwa anauliza watu kama wamemwona fundi cherehani Ramadhani, ana ukucha wa dole gumba uliopasuka katikati kwa sindano. Mama Furaha siku zote alikuwa akimjibu hamjui. Ataacha vipi kumjibu hivyo, wakati yeye anamjua Hamisi wa Ujiji? Alivyofika hapo akaomba apewe maji. Mimi nilikuwa natazama mkono wangu, maana ukucha wako ule nimeushika mimi mpaka umepoa.

Nikaenda kwa Mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe. Nikamwuliza, "Mama, ulijua?" Akasema alikuelewa pale pale hospitali. Akasema ulimweleza kabla hujamwoa kwamba ulikuwa na mke, mkapotezana kwenye kukimbia, na watu wakakuapia kuwa boti aliyopanda ilizama. Jina lako ulibadilisha ulipofika, ukaanza upya na Mama. Miaka ikapita. Kuna siku alikuja mtu kibandani kutoka ng'ambo, mkaongea kwa sauti ya chini, na alipoondoka ukafunga kibanda mchana kweupe ukarudi kulala na homa. Mama anaamini siku hiyo ndipo ulipojua kuwa yuko hai. Hakukuuliza na wewe hukusema.

Siku hiyo naikumbuka, Baba. Ulikuwa unanishonea sare ya darasa la tatu, na mkono mmoja ukauweka ndani nje. Wewe, fundi Hamisi. Niliivaa hivyo hivyo wiki nzima kwa sababu kila nilipokuonyesha ulikuwa hunisikii. Nilikucheka kwa hilo mpaka nimekuwa mtu mzima, na kila nikikucheka ulikuwa unatabasamu na kuinamia cherehani.

Nimekukasirikia. Nitakwambia ukweli, nimekukasirikia mpaka wiki nzima sikuja kaburini. Uliwezaje? Mtu anauliza boti baada ya boti, na wewe uko hapa unachagua kiti cha kulipa mgongo ziwa. Halafu nikifikiri hivyo namwona Mama, najiona mimi, naona na kaka Idi, na sijui ungetufanya nini sisi. Nakasirika, halafu nalia, halafu nakasirika tena. Zawadi amenizoea.

Utasema mama Furaha si ampelekee habari. Nilimwomba. Alikataa, akaniambia yeye ni mtu baki, na msiba wa mume haupelekwi na mchuuzi wa mawese. Tena amenieleza kuwa mama Zaina alishaambiwa na watu mara nyingi kuwa umekufa, tangu zamani, na kila mara anawajibu neno moja: "Leteni mutu wa damu yake, njo nitakaa eda," yaani ndipo atakapokubali kukaa. Simu ya mtu asiyemjua haitamtoa pale.

Damu yako ni mimi na kaka Idi. Kaka Idi amenipigia kutoka Dodoma ananifokea kama mtoto. Ameniuliza kama nimerogwa. Redioni kila siku wanataja huko, wenye bunduki kushuka milimani, watu kukimbia, vizuizi barabarani vya watu ambao hata wenyeji hawajui ni wa nani. Anasema mwanamke peke yake, mgeni, ukifika hapo hata wa kukuulizia hupati. Na mimi siwezi kumwambia kaka anadanganya. Mama Furaha mwenyewe, aliyezaliwa kule, kuna safari anaghairi na mzigo umeshapakiwa.

Naogopa, Baba. Naogopa ziwa, naogopa hao watu, naogopa Zawadi abaki anachungulia bodaboda za watu wawili. Na ninaogopa jambo lingine dogo nisilomwambia mtu: nikifika nimkute ni mwema. Akiwa mkorofi nitarudi na hasira zangu, nitapumua. Akinikumbatia nitafanyaje?

Ndipo nikawa nabishana na wewe hapa peke yangu. Umenipa amri mbili. Moja umenipa maisha yangu yote, "Msikanyage." Nyingine umenipa mara moja na nimekuitikia sawa, nitamwambia, nikiwa sijui naitikia nini. Nishike ipi? Mama alikuwa amekwisha kunikataza. Alisema, "Mwana wanje, mwanangu, nimezika mmoja mwaka huu, inatosha." Nami nikaona basi, imekwisha, siendi. Nikapata hata usingizi.

Mpaka Ijumaa. Walikuja wanawake wa mtaani kumtoa eda. Wakamwogesha, wakampaka mafuta, akavaa kile kitenge cha kijani ulichomshonea sikukuu ya Idi iliyopita. Amekonda, kinampwaya mabegani. Zile nguo nyeupe zikawekwa pembeni zitolewe sadaka, kama ilivyo kawaida, na mama mmoja akawa ameshanyoosha mkono kuzichukua. Mama akasema, "Hizo hapana." Akasimama mwenyewe akazichukua. Akazifua kwa mkono wake, hakutaka nimsaidie, akazianika uani, akakaa chini kuzitazama zikikauka. Wanawake walikunywa chai yao wakaaga mmoja mmoja, hakuna aliyemwuliza.

Zilipokauka akazikunja, akaja nazo chumbani kwangu akaziweka juu ya begi langu. Akasema, "Mimi nimetoka. Mwenzangu bado hajaingia."

Nilimwambia vipimo si vyake. Akasema nguo ya eda haimbani mtu. Halafu akakaa kitandani kwangu akalia, Baba, alilia kuliko siku tuliyokuzika, na mimi nikakaa naye. Alikuwa anasema tu, "Miaka yote hiyo, masikini, miaka yote hiyo," na sikujua kama anamlilia mama Zaina, au wewe, au yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nakwenda. Nimeandika kurasa zote hizi nikijifanya nakuomba ushauri, na begi liko hapa miguuni kwangu limefungwa. Nilitaka tu usikie kwanza kutoka kwangu. Nitavuka na mama Furaha, nitalala kwake, nitarudi na boti ile ile. Akiniambia hapo kesho hali ni mbaya, nitangoja boti nyingine, lakini nitakwenda. Zawadi atabaki na Mama. Kaka Idi sijamwambia. Nikiwa nimesharudi atanifokea anavyotaka, nitamwitikia.

Nakuahidi mambo mawili. Nitarudi, na nikirudi nitakuja Ujiji kaburini nikueleze alivyo, sura yake na sauti yake, maana nadhani ulitamani kujua na hukuwa na wa kumwuliza. Na nitamwambia kama ulivyosema, sitageuza hata herufi. Nimekuwa nikijizoeza hapa kibandani kwa sauti. Mteja mmoja amenisikia akaondoka.

Jambo moja tu ndilo lilikuwa linanisumbua, nimwite nani. Mama ninaye. Mama mkubwa linanikwama. Nikaona nimwite bibi. Kwa Kiswahili changu nitakuwa nimempa heshima yake, mtu mzima mwenye mvi, sawa na bibi yake Zawadi. Kwa Kiswahili chake, kile chako, atasikia kuna mtu kavuka ziwa kuja kumwita mke wako.

Lala, Baba. Mimi nakwenda kumwambia bibi asikungoje.

Mwanao,
Asha