Maji Yasikatike

2 Februari

Kaka,

Namaste, na pole na kazi. Huku tu wazima, isipokuwa koo la Baba. Daktari ametoa uvimbe, lakini sauti imeondoka nao. Akiita mtu inatoka pumzi tupu. Katikati ya mwezi ni siku ya kulimwagia maji jiwe la Shiva, na unajua mwenyewe: maji yasikatike, mantra isikatike. Kumwaga Baba anaweza. Nani atasoma hayo maneno matakatifu? Wazee wa hekalu wanataka kuleta kuhani mwingine, na huyo akiingia, Baba ndiyo basi tena. Njoo, wewe ndiye mwanawe wa kiume.

Mdogo wako

8 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nimezipokea. Sijambo, ila mkono umeungua kidogo na pasi ya hapa kwenye udobi. Sikufichi: mimi nilikimbia mantra hizo hizo. Baba alinikaririsha wee, hazikukaa. Zilikaa kwako, uliyekuwa ukisugua vyombo vya shaba nyuma ya pazia. Nikikwama, nani alikuwa akininong'oneza? Soma wewe. Baba akinuna mwambie nimekutuma mimi. Niko mbali, hanifikii.

Kaka yako

19 Februari

Kaka wee,

Salamu baadaye. Nimesoma! Wazee walinuna kuona msichana anasoma, na Baba hakuniangalia hata kidogo. Akainua mtungi, akaanza kumwaga. Nikajiambia, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nami nikaanza. Katikati, mstari ukanipotea, kichwani peupe kabisa. Nikatazama maji. Baba alikuwa ameyapunguza yamebaki uzi mwembamba, anayabana yasiishe, ananisubiri. Ananisubiri mimi, Kaka. Mstari ukarudi, akainamisha mtungi, tukamaliza pamoja. Nimefurahi mpaka chakula hakipiti. Leo asubuhi wazee wamekuja kutaja jina la yule kuhani wao. Baba amewafungulia, akanishika mabega, akanisimamisha mbele yake pale mlangoni. Wakaaga bila kulitaja jina hilo.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Hali yangu usiulize, nina raha. Barua yako nimemsomea kila mtu hapa kazini, na nimelia juu ya mashuka ya watu, ikabidi niyafue upya. Mwambie Baba nakuja mwezi wa sita, ruhusa nimeshapewa. Miaka yote hii niliogopa kwamba nikirudi tu atanisimamisha mbele ya jiwe nisome. Sasa nakuja kukaa chini na watu wengine, nikusikilize.

Kaka yako