Navuta Siga kwa Niaba ya Mume Wangu Mgonjwa

Mpendwa Shangazi Agnesi, shikamoo. Naomba msaada wako, na majina nimeyabadilisha kwa sababu hapa Mikumi tunajuana. Mimi ni mke wa Makarius, tulifunga ndoa kanisani na tuna binti mmoja, Happyness, anayesoma bweni kule Kilosa, na mume wangu anaumwa mapafu, alianza na kikohozi tukadhani ni baridi, tukazunguka hospitali mpaka Morogoro, kule wakampiga picha wakasema ni kansa na imeshasambaa, wakatupa dawa za maumivu wakaturudisha nyumbani, na daktari akaniita pembeni akaniambia mama, mpe anachokipenda.

Sasa hicho anachokipenda, Shangazi, ndicho kilichoniponza. Makarius amefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya watalii karibu na hifadhi, aliingia akifyeka nyasi, wakampandisha kuwa mhudumu wa baa, na pale baa wageni wakishakula huwa wanavuta siga, yale masigara manene yanayokunjwa kwa jani zima la tumbaku, na yeye ndiye alikuwa akiwachagulia, maana si kila mgeni anaweza kali, wengi wanataka laini au ya kati, na huwezi kumchagulia mtu kitu usichokijua, basi wakamfundisha na kumbe alikuwa na kipaji. Wageni walikuwa wakimwachia mojamoja kama zawadi, anakuja nazo anaziweka kwenye kopo la maziwa pamoja na kitambaa chenye unyevunyevu zisikauke, na siku ya mapumziko anakaa nyuma ya nyumba anavuta moja taratibu bila kuumeza moshi wake, huku ananieleza kila kitu na mimi namenya mihogo namsikiliza tu, na nikisema ukweli zile jioni zilikuwa nzuri kuliko zote nilizopata katika ndoa yangu.

Pumzi ilipomwishia hata ya kupanda ngazi ya mlango, akaniomba kitu ambacho sijawahi kusikia mke akiombwa, akaniambia, "Mama Happy, nivutie wewe. Mimi nitakuuliza." Nikakataa, akageukia ukutani hakula siku nzima, nikakumbuka maneno ya daktari nikakubali. Kwa hiyo mama mkwe, ambaye sasa anakaa nasi, akienda sala za jumuiya nakaa nje chini ya dirisha la chumba chetu, naibonyeza siga kwa vidole kutoka chini hadi juu kama alivyonifundisha kuona kama ina uvimbe au pengo, nanusa jani, nakata kichwa kidogo sana, naichoma pembeni pembeni bila kuiingiza kwenye moto, halafu navuta, na yeye kitandani anauliza.

"Inasemaje?"

"Kama karanga za kukaanga."

"Usiwe na haraka. Iache mdomoni kwanza. Majivu yana rangi gani?"

"Meupe."

"Meupe kama sembe au kama chokaa?"

"Kama chokaa chafu."

"Basi imekunjwa na mtu mwenye subira. Ikifika katikati itabadilika, uniambie."

Nami sina ulimi huo, Shangazi, nikivuta nasikia moshi tu na kizunguzungu, kwa hiyo nabahatisha, siku moja nikamwambia naona ladha ya korosho kwa kuwa najua anaipenda, akasema, "Unanidanganya mke wangu, hiyo haina korosho," akacheka, kicheko kikageuka kikohozi na kitambaa kikaja na damu. Tangu siku hiyo najiuliza kama moshi wangu unaingia dirishani unammaliza, ingawa yeye anasema siga laini haina madhara, na cha aibu ni kwamba na mimi sasa ikifika jioni nasikia mdomo unaitaka.

Shida kubwa ni mama mkwe wangu, Mama Scolastica, aliyeshuka kutoka Vidunda kuja kumuuguza mwanawe. Baba mkwe, marehemu Mzee Elikana, alikuwa mkulima wa tumbaku kule mlimani na mvuta kiko, akafa kwa kukohoa, na siku ya mazishi mama mkwe aliwashikisha wanawe wote jeneza la baba yao wakaapa kwamba hakuna atakayegusa tumbaku maisha yake yote, kisha akapanda shambani akaing'oa yote kwa mikono yake, na Makarius aliapa kama wenzake, ndiyo maana miaka yote mama anajua mwanawe anapikia wageni chai. Basi wiki iliyopita alirudi jumuiya mapema nikampokea mkoba, akasimama karibu yangu, akanusa kanga yangu, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Mwanangu yuko kitandani," akasema, "na wewe unanuka mwanaume."

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi basi? Sema."

Nikaupeleka mkoba ndani. Makarius ameniapisha nisimwambie mama yake, anasema afadhali yeye afe huku mama yake akijua ni Mungu tu amemchukua. Mama mkwe amempigia simu shemeji Oswald, mtoto wake mkubwa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi shemeji anashuka na wazee, na mama mkwe ameshatamka kwa majirani kwamba mwenye hawara hawezi kumuuguza mume, nitarudishwa kwetu Zombo na Makarius atabaki mikononi mwa ndugu zake. Wanasema lisemwalo lipo, na mimi sina la kujitetea. Imebaki siga moja kwenye kopo, ya kati, nzuri, anasema aliitunza kwa ajili ya harusi ya Happyness, na sasa anataka niivute Ijumaa. Niivute? Na Jumamosi niseme nini, Shangazi? Nikitunza siri yake nafukuzwa naye anafia mbali nami, nikiitoa nimemvunjia neno mtu anayekufa na nimemuua mama yake kwa majonzi. Nisaidie.

Mama Happyness, Mikumi

SHANGAZI AGNESI ANAJIBU

Marahaba, Mama Happyness. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakukasirikia, ya pili nikakuonea huruma, kwa hiyo vumilia, leo utapata vyote viwili.

Nianze na hasira niitue. Daktari aliposema mpe anachokipenda alimaanisha supu ya kuku, redio yake na rafiki wa kupiga naye soga. Ungemuuliza kama moshi umo, angekufukuza ofisini. Siga kuwa laini ni habari ya ulimi, mama. Mapafu hayana ulimi, kwao moshi ni moshi, uwe wa kiko cha mzee au wa siga ya mtalii. Umekaa chini ya dirisha la mtu asiye na pumzi ukampelekea moshi ndani, halafu unaniuliza kwa nini anakohoa! Sisemi hivi ujione muuaji. Kansa ile hukumpa wewe, na ungekataa tangu siku ya kwanza bado ungekuwa unamuuguza. Nasema ili uache, na uache kwa ajili yako pia, maana ile habari ya mdomo kuitaka jioni umeipitisha haraka haraka ukidhani sitaiona. Binti yako atabaki na mzazi mmoja. Mlinde huyo mzazi.

Hiyo iliyobaki usiiwashe. Usiitupe pia. Umenieleza vizuri jinsi anavyoipima: kubonyeza, kunusa jani, kuangalia mkunjo, kukisia kama ni laini au ya kati. Yote hayo hufanywa kabla ya kiberiti, au sivyo? Basi mpe mkononi ikiwa baridi vilevile. Anuse, abonyeze, na safari hii wewe ndiye uulize na yeye ajibu. Tangu aanguke kitandani analishwa kwa kijiko na kubadilishwa shuka, hakuna anayemuuliza kitu isipokuwa "unaumwa wapi?" Mtu aliyekuwa akisubiriwa na wageni awachagulie, sasa hata uji wake anachaguliwa. Muulize jambo analolijua. Akichoka, nyamazeni wote wawili.

Twende kwa mama mkwe, na hapa nataka ufikiri pamoja nami. Huyo mama amelala na mvuta kiko miaka yote ya ndoa yake. Amefua mashati yake, amepika chini ya majani ya tumbaku yaliyoning'inia yakikauka juu ya moshi wa jiko. Unadhani pua yake ilidanganyika pale mlangoni? Alijua ni tumbaku kabla hujapokea mkoba. Nadhani alijua pia inatoka wapi, maana mama ni mama, na kazi ya baa haifichiki miaka yote hiyo. Anakusingizia hawara kwa sababu hawara ni mzigo mwepesi kwake. Ukiwa mzinzi, mwanawe hakuvunja kiapo, na tumbaku haikumnyang'anya mume kisha ikarudi kuchukua mtoto. Amekutupia wewe lile ambalo mwenyewe hawezi kulitazama.

Namhurumia sana. Lakini usikubali kulibeba. Siri hii ni ya Makarius na yeye ndiye wa kuisema, tena mapema, mama yake akiwa peke yake, sio mbele ya Oswald na wazee. Mwambie hivi, bila kulia na bila kumgombeza: "Baba Happy, nimekutii katika yote. Jumamosi watanitoa humu ndani. Ukitaka niwe mimi wa kukufumba macho, mwite mama umwambie." Pumzi ya hotuba hana, na haihitajiki. Amshike mama mkono aseme, "Mama, harufu ile ni yangu." Inatosha. Wewe toka nje uwaache.

Mama atalia, huenda akamtukana. Mwache. Alie leo mwanawe akimsikia na akiweza kumwomba radhi, kuliko aje asimuliwe na jirani juu ya kaburi. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Na hilo la kwamba atakufa kwa majonzi, hebu mheshimu kidogo: mwanamke aliyezika mume asubuhi na kung'oa shamba zima mchana wake si wa kuvunjika kirahisi.

Makarius akikataa katakata, basi kabla ya Jumamosi ingia kwa mama mkwe, piga goti, mwamkie, umwambie wewe. Uliahidi kumfichia siri mumeo. Hukuahidi kuondoka kitandani kwake, na pale kanisani uliahidi kinyume chake. Ahadi hizo mbili zikigongana, ya kanisani ndiyo kubwa. Mumeo atanuna siku mbili tatu, halafu atakusamehe, kama atapata nafasi hiyo.

Jambo la mwisho na ndilo lililonikosesha usingizi. Umeniandikia rangi ya majivu, maneno ya mama mkwe, safari ya shemeji, hata mihogo. Sijaona mahali ulipoandika kwamba umelia. Umemvutia, umemficha, umemtetea, umebahatisha ladha ili afurahi, na wewe mwenyewe hakuna aliyekuuliza u hali gani. Mwanangu, mume wako anakufa. Mama yake akishajua ukweli, mwachie zamu ya kitandani jioni moja tu. Nenda kwa mwanamke unayemwamini, funga mlango wake, ulie kwa sauti bila kumhofia mtu. Kisha nawa uso urudi ukakae naye, maana siku zilizobaki ni zenu, na hazitoshi.