Santuri Zako Hazina Hatia

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka chumbani kwako, ambako bado nausikia ule mkwaruzo wa sindano siku uliyopelekwa hospitali. Santuri ilikuwa imekwisha, ikaendelea kuzunguka, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Hujambo lakini? Usingizi unakuja? Wauguzi wameacha kubishana nawe kuhusu dirisha?

Mama alikuwa ameshaamua kwamba huo muziki wako wa hevi metali ndio uliokuumiza akili. Alisema hakuna anayesikiliza watu wakibweka kutwa nzima akabaki salama, na akataka nizitupe santuri zako zote. Nilimwomba nizisikilize kwanza. Basi nikawa naweka upande mmoja wa santuri yako, kisha upande mmoja wa hip-hop yangu, naye akishona nyuma yangu.

Waimbaji wako wanaimba makaburi, moto na mapepo. Kifo chao kina pembe na kinatoka mbali. Kwa wangu, kifo kinavaa raba, kinajua mlango wa nyumba, na marehemu alikaa dawati moja na mwimbaji. Nilikuwa nakucheka kwamba wako wanatisha watoto. Kumbe wote wanasema jambo moja: naogopa. Wako wanalivalia kinyago, wangu wanalisema huku wakitukana.

Mama aliuliza huyu wangu anagombana na nani, mbona hapumui. Ila ulipofika ule wimbo wako wa taratibu, wa mtu anayezungumza na kivuli chake ukutani, cherehani ilinyamaza. Akaniambia niurudie, nipunguze tu hizo ngoma.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia lile ambalo hata wewe hulijui: kwamba tangu mwaka jana nafika kazini, nawasha kompyuta, na kitu kinanikalia kifuani kikiniambia dunia ingeendelea vizuri tu bila mimi. Na santuri zako, kaka, sikuwahi kuzisikiliza kabla ya wiki hii.

Kitambaa kilimponyoka mkononi. Suala la kutupa santuri halikurudi tena. Aliniuliza tu viatu vyangu viko wapi.

Anakusalimu sana, na shati analokushonea limebaki vifungo tu. Siku hiyo hiyo, Jumanne, alinisindikiza kwa daktari wako, na matibabu nimeshaanza. Nilisubiri kwenye lile benchi la kijani unalolilalamikia kila siku. Ni kweli, linayumba.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku