Konzi ya Udongo wa Baba

Shikamoo Mama,

Huku Tingi jua linachoma tangu asubuhi. Bi Somoe, mwenye shamba tunalochunguza udongo wake, alinipa muhogo wa kuchemsha, kisha akapanda mche wa mkorosho. Shimoni alitia konzi ya udongo aliouchota chini ya mkorosho mkongwe usiougua, kama alivyofanya marehemu Baba.

Udongo huo una ukungu wa kijani unaouzingira ukungu wa mnyauko, ule unaokausha mikorosho, na kuuua. Jeni zake hupeleka habari ndani ya seli kwamba adui yuko karibu. Tukizima jeni moja tu, ukungu unaendelea kuishi, lakini adui anapita kando yake nao haushtuki.

Nilipotoka chuoni nilimwambia Baba kwamba kwa udongo ule anabeba maradhi kwa mikono yake. Akaacha. Mikorosho aliyopanda baada ya hapo yote ilinyauka, na hakunilaumu hata siku moja.

Mungu akupe nafuu ya magoti, Mama. Na ule mkorosho wa zamani wa Baba nyuma ya jiko, aliokuwa akichota udongo wake, niliokuagiza uukate, naomba Mungu iwe hukunisikiliza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura