Baba amemrejea Mama

Nasma, usipige. Niko bafuni, soma tu.

Baba amemrejea Mama.

Baba huyuhuyu aliyempa talaka mwenyewe, akasema amechoka kuishi na mtu wa kununa. Eda ilikuwa inaisha keshokutwa, halafu asingeweza tena kumrejea bila Mama mwenyewe kukubali. Keshokutwa, Nasma. Mama ameshafunga mizigo, ameshakodi chumba Katonga na chanja la kuanikia dagaa. Juzi aliniambia, Lulu, mimi nataka mlango ninaoufunga na kuufungua mwenyewe, basi.

Leo baada ya laasiri Baba kaingia na mashahidi wawili, Mzee Dadi na Ami Musa. Mama yuko uani anachambua mchele. Baba hata hakukaa. "Hidaya, nimekurejea." Mashahidi wakaitikia, wakanywa chai, wakaenda zao.

Chai aliyopika Mama.

Mama akadhani anataniwa. Akamuuliza, "Si ulisema hunitaki?"

"Sikutaki."

"Sasa umenirejea ya nini?"

Wallahi alimjibu taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. "Asubuhi nimekusikia unaimba. Miaka yote uliyokaa humu sijawahi kukusikia ukiimba. Huko Katonga ukamwimbie nani?"

Sikutaki, na huendi. Yote mawili kwa mpigo.

Mama hakulia. Alimalizia mchele, akaingia ndani akafungua mizigo, kanga moja moja, akazitundika kwenye msumari uleule.

Nimekimbilia huku bafuni kwa sababu Baba yuko sebuleni na anamwita.

"Hidaya, mbona kimya? Imba basi."